Usivuke Themanini

Jumapili, 8 Septemba

Mvua ya kwanza. Imekuja saa nane mchana, saa ileile ya simu ya shangazi, na papa, baba yangu, akaikasirikia kama mgeni aliyeingia bila kubisha hodi. Alikuwa kwenye baraza, ameikinga simu kwa kofia yake isilowe, anapaza sauti kwa Kimashi kuelekea kijijini Luhwindja. Shangazi Cibalonza anamjibu taratibu, kwa sauti ya chini, naye anatikisa kichwa kwamba amesikia. Mimi nilisimama nyuma yake nikamwita aingie ndani. Nikaita tena. Hakugeuka.

Papa ana miaka sabini na minane na masikio yake yamechoka. Hasikii simu yangu, hasikii ya binti yangu Merveille, hasikii mahubiri, ingawa hilo la mwisho halimsumbui. Anasikia simu moja tu, ile nyeusi ya zamani ambayo kaka yangu Jean-Claude alimletea kutoka Ubelgiji, kwa sababu spika yake ina nguvu ya ajabu. Na katika simu hiyo anaongea na mtu mmoja tu, dada yake, kila Jumapili. Kule kwa shangazi mtandao haufiki nyumbani. Mjukuu wake Élie, anayechimba dhahabu siku za kazi, humpandisha kilimani baada ya misa, na huko ndiko wanakopigia. Katika watoto wote wa babu wamebaki hao wawili.

Leo simu imezimika ikionyesha chaji nusu. Nusu kabisa, halafu giza. Papa akaitikisa kama saa iliyosimama, akaniangalia mimi.

Jumanne, 10 Septemba

Nimeipeleka kwa Willy, fundi wa simu wa Nyawera. Amesema betri imezeeka, na za aina hii hazitengenezwi tena. Zile za sokoni ni za bandia, zinavimba upesi. Akaniambia: “Hii yenyewe, mukiichunga muzuri, inaweza kufika mwaka. Mukiitesa haitaona Noël.”

Nimerudi nyumbani Muhumba kwa miguu na maneno hayo kichwani; Krismasi si mbali. Papa bila simu ile ni papa bila dada.

Jumatano, 11 Septemba

Merveille amesoma kila kitu kuhusu betri. Inachoka ikijazwa mpaka juu kabisa, inachoka ikiachwa iishe kabisa, na joto ndilo adui yake mkubwa. Ikae kati ya asilimia ishirini na themanini, basi.

Mimi nafundisha hesabu, na nikipewa kanuni naipenda. Jioni mezani, tukila bugali na sombe ya majani ya muhogo, nilitangaza sheria. Simu ya papa isivuke themanini, isishuke chini ya ishirini, isilale kwenye umeme, na siku za kazi izimwe. Papa akauliza nimesema nini. Merveille akamwandikia. Papa akasoma, akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni.

Baadaye Merveille akaniambia jikoni: “Maman, hii sheria baliiandika kule courant haiondokake.”

Nilimwambia aache habari za umeme, aoshe sahani.

Jumapili, 15 Septemba

Umeme ulirudi jana baada ya siku kadhaa. Mtaa mzima ulipiga kelele, na kila mtu akakimbilia ukutani. Hapa kwetu umeme ukija unachomeka kila ulicho nacho na unajaza mpaka mwisho, kwa kuwa hakuna ajuaye utarudi lini. Mimi peke yangu katika Bukavu nzima nilikaa kando ya simu kama mtu anayechunga maziwa jikoni, na ilipofika themanini nikaichomoa. Umeme ukaendelea kuwapo usiku kucha. Merveille alinicheka sana, lakini kwa chini chini.

Na leo? Papa na shangazi wameongea mpaka wamechoka wenyewe, na simu haikuzimika. Nimejisikia vizuri kupita kiasi.

Alhamisi, 19 Septemba

Mvua. Makala ya kuwashia moto yamelowa. Simu imelala.

Jumapili, 22 Septemba

Papa amepoteza jina la ng'ombe.

Ni ng'ombe wa mama yao, mwenye paji jeupe, ambaye yeye na shangazi walimchunga walipokuwa wadogo. Papa anakumbuka pembe iliyopinda, anakumbuka harufu ya kibuyu cha maziwa, anakumbuka kwamba ng'ombe huyo hakuvuka kijito mpaka mtoto amwimbie. Jina limekwenda. Alimwuliza shangazi akiwa na hakika kwamba atalitaja papo hapo, kumbe naye limemtoka. Wakaanza kucheka wote wawili, kule kilimani na hapa barazani, mpaka papa akalazimika kuvua miwani. Mimi sikujua kwamba papa anaweza kucheka hivyo. Mbele yetu hucheka kama mtu anayekohoa.

Ijumaa, 27 Septemba

Asubuhi kabla ya chai papa amejaribu majina sita. Hakuna hata moja. Ameondoka mezani akiwa amenuna kama mwanafunzi aliyepewa sifuri.

Jumapili, 29 Septemba

Jana papa alinifuata chumbani akataka simu iwashwe. Lilikuwa limemjia jina, alitaka dada yake alithibitishe kabla halijapotea. Nikamwonyesha kalenda: kesho. Isitoshe Élie huwa chini ya ardhi siku ya Jumamosi, nani angempandisha shangazi kilimani? Papa akasema: “Sasa njo weye mwenye redio.”

Nilijua mara moja anasema nini. Tulipokuwa wadogo, redio ya nyumba hii ilikaa juu ya kabati, na ilikuwa na bwana mmoja. Ilikula betri zile kubwa tulizoziita mawe. Mawe yakichoka, papa aliyatoa, akayapanga juu ya bati la jikoni, juani, ili yapate nguvu tena. Mimi na Jean-Claude tuliyageuza upande huu na upande huu kama samaki. Na kweli yalirudi, kwa siku mbili tatu. Lakini papa hakuyatumia ovyo. Aliifungua redio kwa habari na kwa matangazo ya jioni tu, yale ya vifo na ya watu wanaotafutana. Baada ya matangazo yalifuata maombi ya wasikilizaji, kila mtu na muziki wake. Gitaa la kwanza likianza tu, tulisikia kile kitufe: ta. Kimya. Nilikuwa na miaka tisa, na niliapa kwamba nikiwa na nyumba yangu muziki utapiga mchana kutwa.

Jioni moja tu aliiacha. Alikuwa amesimama kusikiliza matangazo, akaketi, na muziki ukaanza, naye hakunyoosha mkono. Tulicheza mimi na Jean-Claude na mama mpaka mawe yakafa na sauti ikawa ya mlevi, kisha hakuna. Nilidhani papa amekunywa pombe ya kasiksi. Sijawahi kumwuliza. Namkumbuka mama alivyocheza akiwa ameshika mwiko, na leo nimetamani kuwa pale tena hata kwa wimbo mmoja.

Halafu lile jina lenyewe halikuwa lenyewe. Shangazi amesema hilo lilikuwa la mbuzi.

Jumapili, 6 Oktoba

Nimefanya jaribio. Jean-Claude amepiga kwangu simu ya video, nikampa papa simu. Akaona uso wa mwanawe, akampungia mkono, akasema habari za mvua, na kila Jean-Claude alipouliza kitu papa akajibu kitu kingine. Nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikaibandika sikioni mwake. Akanirudishia kwa adabu. Baada ya saa moja shangazi akapiga kwenye ile nyeusi, na papa akamwambia: hicho kikohozi unakinywea nini?

Kwa hiyo ni simu ile tu. Nimeogopa zaidi. Nimepunguza hata mwanga wake.

Jumapili, 13 Oktoba

Umeme haukuwapo tangu Jumatano. Mvua imeharibu kitu mahali fulani, wanasema; kila mwaka wanasema hivyo. Simu ilianza na arobaini na kitu, na leo walikuwa na mengi. Ilipokaribia ishirini nikaanza kumwonyesha papa kwa vidole. Akanipa mgongo. Nikazunguka nikasimama mbele yake. Akafumba macho.

Ikafika ishirini, nikanyoosha mkono nikaizima.

Ni wakati kidole kimeshabonyeza ndipo akili yangu ilipopata kile ambacho sikio lilikuwa limesikia. Shangazi alikuwa ameacha maneno yake katikati na kusema kwa Kimashi kwamba amekumbuka, amekumbuka, yule ng'ombe jina lake ni... Papa alikuwa ameinua mkono mmoja hewani, kinywa wazi.

Nikaivunja sheria hapo hapo. Nikaiwasha, nikapiga. Hawapatikani. Mvua ilikuwa inawafukuza kilimani, walishashuka.

Nilingoja anifokee. Katika maisha yangu papa amenifokea kwa ajili ya mambo madogo kuliko hili. Akasema tu: “Ungeniachia neno moja.” Akaingia ndani.

Nimekaa barazani mpaka viatu vikalowa. Neno moja lingekula nini? Hata sehemu moja ya mia lisingekula. Mwalimu wa hesabu.

Jumatano, 16 Oktoba

Papa anakula chumbani kwake. Umeme bado.

Ijumaa, 18 Oktoba

Bado.

Jumapili, 20 Oktoba

Simu ilikuwa na kumi na saba. Merveille alitaka jana aipeleke kwa wale wa njiani wanaochaji kwa jenereta. Nikakataa. Umeme wa jenereta unaruka ruka, betri kuukuu kama hii ingeungua. Merveille akaniambia: “Maman, tunachunga batterie ao tunachunga koko?” Nikamjibu kwamba kuichunga betri ndiko kumchunga babu yake, na nilikuwa naamini.

Saa nane nikaiwasha mbele ya papa. Iliwaka, ikapiga kale kawimbo kake, ikafa. Basi. Kumi na saba yake yote iliishia kwenye wimbo. Huko kilimani Élie lazima alipiga na kupiga, akajibiwa na yule mama wa kwenye mashine. Papa alibaki na simu mapajani mpaka jioni. Hakunilaumu. Ningependa anilaumu.

Jumatano, 23 Oktoba

Leo jua limetoka, jua kali la baada ya mvua, lile linalofanya barabara itoe moshi. Nimerudi kutoka shuleni saa saba na nusu nikamkuta papa nyuma ya nyumba, amesimama kando ya jikoni na kofia mkononi, anatazama bati. Uso wake ulikuwa na furaha kidogo, ya siri, ambayo sikuwa nimeiona tangu siku ile ya neno moja.

Bati la jikoni letu liko chini, mtu mzima anafikia bila kupanda. Juu yake Merveille alikuwa ameanika sambaza, samaki wadogo wa ziwani, kwenye sinia. Na pembeni ya sinia, juu ya kitambaa safi kilichokunjwa vizuri, papa alikuwa amelaza betri ya simu.

Tangu asubuhi. Alikuwa akitoka kuigeuza.

Niliiona kabla sijafika karibu: imevimba kama andazi. Nilipiga kelele, na hata papa akasikia. Nikaishika kwa koleo la makala, nikaipeleka chini kabisa ya shamba, mbali na nyumba, kwa sababu Willy aliwahi kuniambia betri iliyovimba inaweza kuwaka moto. Niliporudi papa alikuwa bado palepale. Nikamwandikia: JOTO LINAIUA. Akasoma. Akaangalia bati, akaangalia kitambaa chake.

“Jua ilikuwa inarudishaka nguvu,” akasema.

Nilikuwa na hotuba nzima mdomoni. Nimeifundisha nyumba hii juu ya joto kwa wiki sita, ila nilikuwa naifundisha kwa sauti, mbele ya mtu asiyesikia, na kwenye karatasi ya kwanza Merveille aliandika themanini na ishirini tu. Hakuna aliyemwandikia habari ya jua. Mzee alikuwa amekaa na betri iliyokufa, na akaifanyia kile alichofanya kila mara kitu chake cha thamani kilipochoka. Alichagua hata kitambaa. Nilimshika mkono nikamwingiza ndani, nikamtengenezea chai, tukanywa bila kuangaliana. Nimelia wakati naosha vikombe.

Na namba ya Élie ilikuwa ndani ya simu hiyo, mahali pengine popote haipo, na hata betri ya bandia ya kuiwasha Willy hana tena.

Alhamisi, 24 Oktoba

Tulifikiri: tutoe kadi ya simu, tuiweke kwenye simu ya zamani ya Merveille, shangazi akipiga tumpate. Kadi ni ya zamani, kubwa. Merveille ameikata kwa mkasi ili iingie. Amekata na ile shaba. Amelia kuliko mimi jana.

Kampuni inaweza kutoa kadi nyingine yenye namba ileile, lakini papa aende mwenyewe na kadi yake ya mpiga kura. Ameenda, kwa kofia na fimbo. Mashine yao ilikuwa imegoma. Wamesema arudi wiki ijayo.

Jumapili, 27 Oktoba

Saa nane papa alivaa kofia akatoka kukaa barazani kama kawaida. Hakuna simu. Nilikaa naye. Mvua ilipita juu ya ziwa bila kutufikia.

Ni Jumapili ya pili sasa. Kwetu simu ya mzee ikinyamaza Jumapili mbili, watu hawasemi betri.

Alhamisi, 31 Oktoba

Naandika haya polepole ili nisikosee.

Papa bado ana redio, si ile ya zamani, nyingine ndogo, na bado kila jioni anaifungua saa ya matangazo na kuibandika shavuni. Nimekuwa nikiamini kwamba hasikii kitu, ni mazoea tu. Leo nilikuwa nakata vitunguu. Msomaji alisoma kifo cha mtu wa kijiji cha Miti, akasoma ng'ombe aliyepotea, kisha akasoma hivi: Mama Cibalonza wa Luhwindja anaijulisha familia ya Papa Mushagalusa, Muhumba, hapa Bukavu, kwamba kimya chenu amekielewa. Yuko njiani. Anaomba msizike kabla hajafika.

Nikageuka na kisu mkononi. Papa alikuwa amesimama. Alikuwa ameiondoa redio shavuni na kuishika mbele yake kwa mikono miwili.

“Ni mimi banataka kuzika?” akauliza.

Nikatikisa kichwa ndiyo. Akaanza kucheka, na kicheko kikageuka, akakaa, na machozi yakamtoka hadharani, yeye ambaye sikumwona akilia hata kwenye maziko ya mama. Nikavuta kigoda karibu. Hapo ndipo aliponiambia, bila mimi kuuliza, akitazama ile redio na si mimi.

“Vita ilitutawanya. Yeye alikimbiaka upande ya Mwenga, njia ikafungwa. Batu yote balikuwa banatafutana ku redio. Mi nilikuwa nachunga mawe juu ya ile saa ya matangazo. Kama muziki inakula mawe, na kesho yake njo banasoma jina yake, mi nitasikia na nini?”

Nilikuwa na miaka tisa. Sisi watoto tuliambiwa shangazi amesafiri, na mtu aliyesafiri hurudi, kwa hiyo hatukuuliza tena. Na kumbe kila jioni, mbele ya macho yetu, papa alikuwa amesimama kando ya kabati akimngoja. Ile jioni aliyoacha muziki upige mpaka mawe yakafa, alikuwa amesikia jina lake. Hakuwa amekunywa chochote. Tulicheza siku aliyopatikana shangazi, na mimi nimebeba siku hiyo miaka yote hii bila kujua ni nini nilichobeba.

Nimemwona papa mwingine leo. Nimechelewa, lakini nimemwona.

Ijumaa, 1 Novemba

Watakatifu Wote. Baada ya misa nimepeleka jibu redioni: Papa Mushagalusa ni mzima, anamngoja dada yake. Wamesoma jioni. Lakini aliye njiani juu ya pikipiki kwenye matope hana redio sikioni.

Papa amenyoa ndevu. Ameomba koti lake lipigwe pasi, na kwa kuwa umeme hakuna, nimelipiga kwa pasi ya makala.

Jumamosi, 2 Novemba

Na siku yenyewe ni ya kuwaombea marehemu.

Walifika saa tano. Tulisikia pikipiki ya Élie ikipanda, kisha ikazimwa mbali kidogo, kama inavyofanywa kwenye matanga. Nilikimbilia lango lakini sikuwahi. Shangazi alikuwa ameshashuka, matope mpaka magotini, kitambaa cheusi kichwani, na alipoona lango letu akaanza. Kilio chake kilikuwa cha Luhwindja, kile cha zamani kinachotaja majina ya baba na ya babu. Akina mama wa jirani wakatoka kila upande wakifunga vitenge na kulia naye, kwa sababu hapa ukisikia kilio langoni unaanza kwa kulia, kuuliza ni baadaye. Mimi nilikuwa napiga kelele kwamba hakuna aliyekufa, na hakuna aliyenisikia. Mama mmoja alinikumbatia kwa nguvu akaniambia nilie tu mwanangu.

Papa akainuka barazani. Koti, kofia, fimbo.

“Cibalonza,” akasema. “Mi niko hapa.”

Shangazi akanyamaza. Wengine wakanyamaza mmoja mmoja. Akapanda zile ngazi tatu, akasimama mbele yake, akamgusa uso kwa vidole, mashavu, masikio, chini ya kidevu. Kisha akampiga begani kwa kiganja, kofi la kweli, kwa siku zote alizomwombolezea. Halafu akasogea kidogo akasema neno moja, kwa sauti yake ileile ya chini, ambalo mimi niliyekuwa karibu nililipata kwa shida.

“Mugoli.”

“Mugoli,” papa akarudia. Akarudia tena, taratibu. Malkia. Jina la ng'ombe wa mama yao. Wakashikana mabegani, na nikaona wanaimba, midomo tu inacheza, ule wimbo wa kumvusha kijito.

Akina mama waliokuja kulia wamebaki kula. Sambaza zote zimekwisha.

Jumatano, 6 Novemba

Wanaongea tangu asubuhi mpaka giza. Mimi nikiwa dirishani sisikii anachosema shangazi, sauti yake ni ndogo mno. Papa, akiwa amekaa mwisho wa baraza, anamjibu kila neno.

Nimeanza kuishuku ile spika.

Jumanne, 12 Novemba

Kadi imepatikana, namba ileile. Iko kwenye simu ya zamani ya Merveille, ndogo, yenye sauti ya mbu.

Jumapili, 17 Novemba

Shangazi amerudi Luhwindja, mahindi yake hayamngoji mtu. Asubuhi nilipokuwa namfungia mzigo nilimwuliza papa kwa karatasi anamsikiaje yeye wakati sisi hatusikii. Akanitazama kama mtu anayeuliza mvua inatoka wapi.

“Yeye minamusikiaka tu,” akasema. “Tangu tuko batoto, akifungua tu kinywa, minajua anataka kusema nini.”

Kwa hiyo haikuwa spika. Nilimzimia papa simu siku sita kwa wiki kwa ajili ya spika.

Jumapili, 24 Novemba

Umeme upo tangu jana. Niliichomeka simu ya Merveille nikaenda kufua, sikukaa kuichunga, na niliporudi ilikuwa mia. Nikaiacha mia.

Saa nane ikalia. Papa akaiweka sikioni, kamdudu kale kadogo. “Asinge, Cibalonza,” akamsalimu, akangoja, na uso wake wote ukafunguka. Anamsikia. Leo wametafuta jina la ndama wa Mugoli. Hakuna anayelikumbuka, na kila mmoja anasema aliye karibu kulikumbuka ni yeye.

Simu hiyo ni kuukuu, inakula haraka. Nilikuwa nachambua maharage karibu na miguu ya papa, na sikutaka kuangalia, lakini jicho la mwalimu linaangalia tu. Papa naye alikuwa anaangalia. Ilipofika ishirini akakatisha maneno yake. Akaitoa sikioni, akaninyooshea mwenyewe, kiganja wazi, ili nizime. Ndani yake shangazi alikuwa anaendelea kuongea.

Nikamwambia aendelee, waongee mpaka iishe. Hakunisikia. Basi nikavikunja vidole vyake juu ya simu, kimoja kimoja, nikaurudisha mkono wake sikioni.